Njia Tatu, Mlango Mmoja

Mwishoni mwa mwaka 1965 Zambia ilikuwa ikiletewa mafuta kwa ndege. Si mafuta ya ndege. Ni petroli na dizeli za magari ya kawaida, zimejazwa kwenye mapipa. Waingereza walirusha ndege zao kutoka Nairobi, Wamarekani na Wakanada kutoka Kongo. Ndege inachoma mafuta njia nzima ili ipeleke mafuta. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu ambaye angechagua usafiri wa namna hiyo, na kwa kweli hakuna aliyeuchagua. Ndio uliobaki.

Nchi ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na siku chache tu tangu ipate uhuru. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith, ng'ambo ya Mto Zambezi, ilijitangazia uhuru wa Rhodesia bila ridhaa ya Uingereza. Uingereza ikajibu kwa vikwazo, vikiwemo vya mafuta, na Smith naye akawakatia Wazambia mafuta yaliyokuwa yakipita kwake. Hapo Lusaka wakakaa chini kuhesabu ni vitu vingapi wanavitegemea kwa jirani huyo mmoja. Reli ya kwenda bandari ya Beira ilipita kwake. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalichimbwa Wankie, kwake. Bwawa la Kariba lilikuwa la pande zote mbili, lakini mitambo ya umeme ilikuwa imejengwa ukingoni mwake. Hata shirika la reli lilikuwa la pamoja, na makao makuu yake yalikuwa Bulawayo.

Vitabu vya usimamizi wa usafirishaji huanza na jedwali. Upande mmoja unaandika uwezekano wa jambo kutokea, upande wa pili unaandika ukubwa wa madhara, kisha unapaka rangi: kijani, njano, nyekundu. Sina ugomvi na jedwali hilo, na nimewahi kulijaza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Lakini jedwali huchukulia kila hatari peke yake, kana kwamba mafuriko hayajui habari za mgomo na mgomo haujui habari za vita. Kilichoipata Zambia kati ya 1965 na 1979 kinaonyesha jambo ambalo jedwali hulificha: hatari ukiibana hapa, inahamia pale, na mara nyingi inahamia kwenye kiungo ambacho njia zako zote hukutana. Ndiyo sababu sura hii inatumia muda mwingi kwenye kisa kimoja cha zamani kabla ya kuja kwetu.

*

Njia ya kwanza mbadala ilikuwa barabara. Kutoka Kapiri Mposhi kwenda Tunduma, na kutoka Tunduma kushuka hadi Morogoro na Dar es Salaam, sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Serikali mbili, ya Zambia na ya Tanzania, zikaunda kampuni ya pamoja ya malori, yakaagizwa magari ya Fiat kutoka Italia, na kazi ikaanza: kwenda juu mapipa ya mafuta, kurudi shaba. Waandishi wa Kiingereza waliipachika barabara ile jina la Jehanamu, na mabaki ya malori yaliyopinduka kando ya njia yaliwapa haki ya kufanya hivyo.

Jambo moja kuhusu barabara ile husahaulika. Ilifanya kazi kwa sababu lori lilikuwa na mzigo kwenda na kurudi. Njia yoyote ya dharura ambayo gari linakwenda limejaa na kurudi tupu itakufa mara tu dharura ikipungua makali, kwa kuwa hakuna mwenye lori atakayekubali kulipia safari mbili kwa nauli ya moja. Mapipa na shaba vilikutana kwa bahati, lakini waliopanga waliiona bahati hiyo na kuishika. Mpangaji wa leo anayechora njia mbadala kwenye ramani bila kuuliza lori litarudi na nini amechora nusu ya njia.

Likafuata bomba. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilikamilika kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mapipa yakaondoka barabarani. Kisha barabara yenyewe ikaanza kutiwa lami. Kisha reli.

Kuhusu reli hiyo, TAZARA, kuna hadithi inayosimuliwa mara nyingi kama kejeli kwa Benki ya Dunia, ambayo mwaka 1964 iliikataa kwa hoja kwamba haitalipa. Mimi naona wataalamu wale hawakukosea hesabu. Walilinganisha gharama ya reli mpya na nauli ya reli iliyokuwepo ya kusini, na kwa nauli hiyo kweli reli mpya ilikuwa anasa. Walichoacha nje ya hesabu ni bei ya siku ambayo reli ya kusini haitakuwepo. Siku hiyo haikuwa na safu kwenye daftari lao. Marais Nyerere wa Tanzania na Kaunda wa Zambia waliiwekea safu, wakaenda China, na makubaliano yakatiwa saini Beijing Septemba 1967. Ujenzi ulianza 1970, reli ikafika Kapiri Mposhi katikati ya 1975, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi: kilomita 1,860, madaraja zaidi ya 300, na mahandaki yaliyochimbwa milimani kati ya Mlimba na Makambako. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini. Wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Basi kufikia hapo Zambia ilikuwa na barabara, bomba na reli, vyote vikielekea upande wa kirafiki. Ukipaka rangi jedwali lako, ni kijani kitupu.

*

Januari 1973, kabla reli haijafika, Smith alifunga mpaka ili kuiadhibu Zambia kwa kuwahifadhi wapigania uhuru. Akaweka msamaha mmoja: shaba iendelee kupita. Alikuwa na sababu, maana reli yake iliishi kwa nauli ya shaba ile. Kaunda akaukataa msamaha huo. Wiki chache baadaye Smith alipogundua kwamba amejifunga mwenyewe na kutangaza kuufungua mpaka, Kaunda akasema upande wake utabaki umefungwa. Ulibaki hivyo hadi 1978.

Kisiasa ulikuwa uamuzi wa mtu jasiri. Kwa upande wa mizigo, ulimaanisha kwamba sehemu kubwa ya karibu tani 700,000 za shaba kwa mwaka, pamoja na bidhaa nyingi ambazo nchi inaagiza, zitafute mahali pa kupita kwa siku chache. Sehemu ilikwenda magharibi, kwa reli ya Benguela hadi Lobito, Angola. Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga reli hiyo. Machi 1976 Msumbiji ikafunga mpaka wake na Rhodesia, na mlango wa Beira kwa njia ile ya zamani ukazibwa kabisa. Kila kilichokuwa kikienda kwingine sasa kilielekea bandari moja.

Tazama sasa ile kijani. Barabara, bomba na reli ni njia tatu, lakini zote zinaanzia Dar es Salaam. Gati ni zile zile. Maghala ni yale yale. Kreni za kupakua mizigo, makarani wa forodha, na mabehewa yanayotakiwa kurudi mapema ili yapakiwe tena, vyote ni vile vile. Bandari iliyojengwa kuihudumia Tanzania na majirani wachache ikajikuta inalisha pia uchumi mzima wa shaba. Mizigo ikarundikana. Reli nayo ilikuwa na ugonjwa wake: vichwa vya treni vya mwanzo havikuwa na nguvu ya kutosha kwenye ule mwinuko wa Mlimba kwenda Makambako, na vilipoharibika vipuri vilichukua muda. TAZARA iliwahi kubeba zaidi ya tani milioni 1.2 kwa mwaka, kwenye mwaka wa fedha wa 1977/78, na hiyo ndiyo iliyobaki rekodi yake.

Kilichovunja uvumilivu kilikuwa mbolea. Mkulima wa mahindi hawezi kuambiwa asubiri. Mvua ikianza Novemba na mbolea iko ghalani pwani, hasara ya mwaka mzima imeshaingia. Oktoba 1978 Kaunda alitangaza kwamba reli ya kusini itafunguliwa tena. Wengi walimlaumu, hata miongoni mwa marafiki. Ukiisoma kwa jicho la msafirishaji, utaona mtu aliyebanwa na kiungo kimoja tu, bandari, wakati njia tatu nyuma yake zilikuwa bado hai.

Kisha usiku mmoja wa Oktoba 1979. Makomando wa Rhodesia waliingia kaskazini mwa Zambia na kulipua madaraja ya Mto Chambeshi. Nasema madaraja kwa sababu yalikuwa mawili, la reli na la barabara, yamejengwa jirani. Wahandisi hupenda kuvuka mto pale unapovukika kwa urahisi, na reli na barabara zina tabia ya kupendelea sehemu moja. Kikosi kimoja kidogo, kazi ya usiku mmoja, na njia mbili kati ya tatu zikakatika kwa pamoja. Mazungumzo ya Lancaster House kuhusu mustakabali wa Rhodesia yalikuwa yameshaanza London, na Zambia ikaingia miezi hiyo ikitegemea reli ya adui kwa mahindi yake.

*

Kuna zoezi ambalo nadhani lina faida kuliko semina nyingi. Chukua njia yako kuu na njia yako ya akiba, ziweke juu ya ramani moja, kisha tafuta kwa kidole ni wapi zinagusana. Usitazame barabara tu. Tazama madaraja, mipaka, mizani, bandari kavu, benki inayotoa dhamana ya forodha, hata wakala. Kampuni yenye mawakala wawili wanaotumia mfumo mmoja wa kompyuta wa forodha, mfumo ukilala, haina wakala hata mmoja.

Anzia hapa hapa kwetu. Kati ya Mikumi na Makambako reli ya TAZARA na barabara ya TANZAM, ile ya Jehanamu, hutengana kabisa: reli inazunguka kupitia bonde la Kilombero, barabara inapita Ruaha Mbuyuni na kupanda mlima Kitonga kwenda Iringa. Huo ni utengano wa kweli. Mvua ikiteremsha udongo juu ya reli kule Mlimba, Kitonga haijui. Lakini kutoka Makambako hadi Tunduma zinakwenda zikichunguliana, na Tunduma zote mbili zinavuka.

Na Kitonga yenyewe? Fikiria lori la tela linalopanda, gari na mzigo tani 56, ambacho ndicho kikomo cha sheria. Kwenye kona, gia inakataa. Dereva anakanyaga breki, tela linaanza kurudi nyuma taratibu, kichwa kinakunjika, na sasa gari limelala limekata barabara kutoka ukingo hadi ukingo. Utingo anaruka na jiwe la kukingia tairi. Mwingine anavunja matawi ya miti na kuyapanga barabarani nyuma na mbele, kama desturi ilivyo. Baada ya nusu saa foleni ya kupanda haionekani mwisho. Kuna basi lenye watoto wanaolia, kuna lori la sulfuri la kwenda migodini, kuna lori la shaba linaloteremka ambalo ukilitazama utadhani ni tupu, kwa maana shaba ni nzito kiasi kwamba mafungu machache ya bamba yanatosha kufikisha uzito wote unaoruhusiwa. Dereva wa shaba hashuki garini. Anafunga vioo na kupiga simu, kwa sababu mzigo wake una wenyewe wanaoutamani, na gari lililosimama ni rahisi kuibiwa kuliko linalotembea. Tukio moja limeshazaa hatari ya pili, ambayo kwenye jedwali imeandikwa ukurasa mwingine.

Hakuna kitengo cha vihatarishi kitakachozuia gia kukataa. Kinachowezekana ni gari la kuvuta mizigo mizito liwe karibu, na makubaliano ya nani analilipa yawe yameandikwa kabla. Nimeona watu wakibishana bei ya kuvutwa huku magari mia yakisubiri.

Kenya nayo ilipata somo lile lile mwanzoni mwa 2008. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, vurugu zilifunga barabara kuu Naivasha, Burnt Forest na Eldoret. Kibera watu waling'oa reli. Bomba la mafuta la Kenya lilikuwa likiishia Eldoret na Kisumu, na kutoka hapo mafuta ya Uganda hupakiwa kwenye malori ya tangi yanayopita barabara ile ile. Kwa hiyo barabara, reli na bomba, njia tatu kama za Zambia, vyote vilikwama ndani ya ukanda mmoja na kwa wakati mmoja. Kampala bei ya petroli ilipanda maradufu na zaidi, Kigali na Bujumbura wakahisi joto, na matangi ya akiba ya Jinja hayakuwa na kitu cha kuokoa jahazi.

Lile la Jinja ndilo linalonisumbua zaidi. Vurugu za jirani huwezi kuzizuia, lakini tangi ni lako. Akiba ni njia mbadala isiyopita popote: haivuki mpaka, haina daraja. Tatizo lake ni kwamba inakula pesa kila siku ambayo haijahitajika, na mhasibu akitafuta mahali pa kubana matumizi, macho yake hutua hapo kwanza. Januari 2022, Uganda ilipodai madereva wapimwe Uviko mpakani kwa ada na madereva wakagoma, foleni ya Malaba ikarefuka kwa makumi ya kilomita na bei ya mafuta Uganda ikapaa tena. Miaka 14 ilikuwa imepita, kiungo kilikuwa kile kile.

Mgomo ule haukuzuka hewani. Aprili na Mei 2020 madereva walikuwa wamekaa kwenye foleni hiyo siku nyingi wakisubiri majibu ya vipimo ambavyo mwanzoni vilipelekwa hadi maabara ya Entebbe. Wanalala chini ya tela, wanapika kwenye jiko la mkaa kando ya tairi, hawana choo, na vijiji wanavyopita vinawaona kama wao ndio ugonjwa. Mwezi huo wa Mei Zambia nayo ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya kupata wagonjwa wengi hapo. Wenye mizigo waliita yote hayo ucheleweshaji. Aliyeubeba ucheleweshaji huo mgongoni alikuwa dereva anayelipwa kwa safari, si kwa siku. Mpango wowote wa dharura usiosema dereva atakula nini siku ya tano ya foleni ni mpango wa kumfanya yeye awe ndiyo akiba yako. Kisha mwenye mali anashangaa dereva anapoliacha gari na kurudi nyumbani kwa basi.

*

Watu wakishindwa kupata njia hukimbilia bima. Hapa inafaa kusoma maandishi madogo. Bima ya mizigo ya kawaida, hata ile inayoitwa ya hatari zote, hailipi hasara iliyotokana na kuchelewa. Nyanya zikioza kwa sababu meli ilichelewa, kuchelewa ndiko kulikoziozesha, na kampuni ya bima itakuonyesha kifungu. Vita na migomo vimetolewa nje pia na hununuliwa kwa nyongeza. Zaidi ya hapo, nyongeza ya vita kwa desturi ya soko la bima hufanya kazi mzigo ukiwa melini. Ukishatua nchi kavu na kuanza kupanda kwenda Goma au Lubumbashi, kinga hiyo imebaki baharini. Nyongeza ya migomo na ghasia ndiyo inayofuata mzigo barabarani, nayo inalipia kilichoharibiwa au kuchomwa, si siku ulizosubiri.

Meli ya Ever Given ilipokwama kwenye Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 na kuziba njia kwa siku sita, wengi walijifunza jambo jingine la kale ambalo walidhani limekwisha zama za majahazi. Wenye meli walitangaza hasara ya pamoja. Maana yake ni kwamba gharama za kuiokoa meli hugawanywa kwa wote waliokuwa na mali ndani yake, hata ambaye kontena lake halikupata mkwaruzo. Mwenye bima, kampuni yake iliweka dhamana. Asiye na bima alitakiwa kuweka fedha kabla ya kupewa mali yake. Na meli yenyewe ilizuiliwa Misri hadi Julai. Sisi wenye desturi ya kuchangia kontena moja watu wanane kutoka Guangzhou, kila mmoja na mafurushi yake na hakuna aliyekata bima kwa sababu mzigo wake ni mdogo, tuko wazi kabisa kwa jambo la namna hii.

Novemba 2023, Wahouthi walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, meli nyingi za kati ya Asia na Ulaya zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kuzunguka kunaongeza wiki moja hadi mbili. Ukanda wetu ulidhani haumo, kwa kuwa mizigo ya China haipiti Suez kuja Mombasa. Lakini meli zikitumia siku nyingi zaidi baharini, meli na kontena tupu hupungua kwa kila mtu, na nauli hupanda kwa kila mtu.

Kinachobaki ni mkataba, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimya kimya. Kontena likishushwa bandarini, siku za bure zinaanza kuhesabiwa. Zikiisha, kampuni ya meli inatoza kila siku mpaka kontena lirudi tupu. Kwa mzigo wa Kongo au Burundi kuna pia amana ya kontena juu yake. Barabara ikikatika, saa haisimami. Mkataba wa maana huandika mapema siku za kusubiri mpakani ni za nani: mwenye mali, mwenye lori, au nusu kwa nusu baada ya siku ya tatu. Bei ya kusubiri ikijulikana, watu huanza kutafuta njia nyingine siku ya pili. Isipojulikana, kila mmoja anasubiri mwenzake aumie kwanza.

*

Kwa nini basi Rwanda haikukosa pumzi Uganda na Rwanda zilipokorofishana na mpaka wa Gatuna ukafungwa, kuanzia mwisho wa Februari 2019 hadi Januari 2022? Biashara za mpakani ziliumia vibaya, na familia za pande zote mbili zaidi. Lakini shehena ya kutoka baharini iliendelea, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilikuwa tayari ikipita Dar es Salaam na Rusumo miaka kadhaa kabla ya ugomvi. Mawakala walikuwepo, dhamana za forodha zilikuwepo, madereva waliijua njia, wauza chakula wa Rusumo waliwajua madereva. Njia ya pili haikuhitaji kuamshwa.

TAZARA ni kinyume chake. Siasa za kusini zilipotulia na Afrika Kusini kufunguka, shaba ilirudi barabarani kuelekea Durban na kwingineko, na reli iliyojengwa kwa ajili ya siku mbaya ikakosa mzigo wa siku nzuri. Kwenye mwaka wa 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Reli haiwezi kuwekwa kabatini. Mataruma huchakaa, mafundi hustaafu, vichwa vya treni huwa ghala la vipuri vya vichwa vingine. Septemba 2025 Tanzania, Zambia na kampuni ya Kichina ya CCECC zilitia saini mkataba wa kuifufua kwa takribani dola bilioni 1.4, kampuni ikipewa miaka 30. Fedha hizo kwa sehemu kubwa ni gharama ya kuiacha njia ilale.

Kwa mwagizaji wa kawaida wa Kitwe au Lubumbashi, jambo hili lina sura ndogo inayowezekana. Akiwa na malori kumi kwa mwezi, nane yapite njia nafuu na mawili yapite njia ghali, kila mwezi, hata pale ambapo kijana wa hesabu analalamika. Mawili hayo yanamnunulia wakala anayepokea simu yake, kibali ambacho hakijaisha muda, na dereva anayejua mzani upi unasumbua. Asipoweza kubeba gharama hiyo peke yake, aungane na wengine. Kinachofaa kuulizwa kwa wakala anayejisifu kuwa ana njia mbadala ni tarehe ya mzigo wa mwisho alioupitisha huko.

Zambia ya leo ina milango mingi kuliko ya Kaunda. Upo wa Durban kupitia Chirundu au daraja la Kazungula lililofunguliwa Mei 2021, upo wa Walvis Bay, wa Beira, wa Nacala, na reli ya kwenda Lobito imeanza tena kubeba madini kwa mkataba wa miaka 30. Huu wa Lobito unapigiwa debe sana, na kwa haki: haugusi Dar es Salaam, haugusi Kitonga wala Tunduma. Lakini peleka kidole kwenye ramani. Reli hiyo inatoka Angola na kuingia Kongo, si Zambia. Tawi la moja kwa moja kutoka Angola hadi Chingola bado halijajengwa. Mpaka litakapojengwa, shaba ya Zambia inayotaka kupanda treni ya Lobito inapaswa kwanza kuvuka kwenda Kongo, na mpaka wake wa kawaida ni Kasumbalesa, ule ule ambao malori ya Lubumbashi na Kolwezi huusubiri siku kadhaa yakishuka kwenda Dar es Salaam.